Fundo Lisilo Lako

Pellworm, mwanzoni mwa Aprili 1984

Kwako Baba yangu Momme,

Salamu zangu zikufikie hapo Husum kwa shangazi Keike, na zikukute umeketi karibu na jiko, si karibu na dirisha, maana dirisha lile linaingiza upepo na wewe hutasema kitu mpaka mgongo ukatae. Unaendeleaje huo mgongo? Na usingizi unapata? Sisi huku tu wazima. Tade anakusalimu sana, anasema tangu uondoke hana wa kumshinda karata, na kushinda kila siku kumemchosha. Usimwamini. Mimi namshinda vizuri tu, ila simwibii kama wewe.

Kondoo wameanza kuzaa. Yule jike mweusi mkorofi ameleta pacha, mmoja amemkubali, mwingine amempiga teke mpaka tukamwonea huruma, kwa hiyo sasa tuna mwanakondoo jikoni anayedhani mimi ndiye mama yake. Mabata bukini wamerudi, wametanda kwenye malisho yote ya nyuma ya tuta la kuzuia bahari wanakula majani kana kwamba tumewapandia wao. Tade huwatokea na sufuria, anapiga kelele, wao wanaruka kidogo, wanatua, wanamwangalia. Paa la banda lilihimili dhoruba ya mwezi uliopita. Kaburi la mama nimelipalilia, na nimepanda yale maua meupe uliyoyataka, japo bado yanaona baridi kutoka nje.

Najua unavyosoma barua. Hapa umeshazigeuza kurasa kutazama ni ngapi, na unajiuliza mtu ana nini hata anunue stempu na hali simu ipo. Simu ipo, kweli, lakini ya shangazi iko ukumbini, na shangazi husimama kando yake akikunja mataulo yaleyale. Halafu nimekwisha jaribu. Wiki iliyopita uliniuliza kwenye simu kuna nini, nikakuambia kuna kondoo. Kwa mdomo siwezi, Baba. Acha nijaribu kwa mkono.

Jumapili shangazi alinipigia wewe ukiwa umelala baada ya chakula. Alinong'ona kama mwizi. Aliniambia kwamba unakaa mezani kwake tangu chai ya asubuhi hadi chai ya jioni, umeshika kamba, unafunga fundo na kulifungua, unafunga na kulifungua. Kamba yenyewe ni ile anayofungia nyama za kuviringisha, na umeimaliza yote, sasa nyama anazichoma vijiti vya meno. Alipokuuliza unafanya nini, ulimjibu kwamba unatafuta kidole gani ndicho kilichokufa. Anataka kukupeleka kwa daktari wa neva. Kisha akaniambia kwamba Jumamosi ya kabla ya Pasaka utavuka na meli, usimame mbele ya wapitishaji wenzetu wote wa kuvusha wageni topeni maji yakipwa, umrudishie mwenyekiti Nahmen beji yako, na urudi Husum kwa meli hiyohiyo bila hata kulala nyumbani kwako.

Nilipoweka simu chini nilikaa kwenye ngazi. Mwanakondoo akaja akaninyonya kidole, na mimi nikalia pale kama mtoto mdogo, Tade akadhani kuna mtu kafa.

Siku yenyewe ya Septemba unaijua, lakini nivumilie niieleze kama nilivyoiona mimi nikiwa mkiani. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba wa mbele huiona njia na wa nyuma huwaona watu. Tulishuka tutani maji yakiwa bado yanakupwa, wageni peku, suruali zimekunjwa, wakicheka kila tope lilipowapanda baina ya vidole. Wewe ulitangulia na fimbo yako ndefu ukichoma chini kila baada ya hatua kadhaa. Tulivuka mkondo ukiwa wa magotini. Kule mbele, penye mchanga mgumu, ukatusimamisha watu wale mkate wao, nawe ukainua mkono utazame saa.

Mkono ulibaki hewani. Nilikuona ukiutazama, kisha ukakishika kifundo cha mkono kwa mkono wa pili, ukapapasa, ukavuta juu pindo la sweta: saa haikuwepo. Sijawahi kuuona uso wako vile, hata mazikoni.

Halafu ukafanya jambo ulilonikataza maisha yangu yote. Nimelelewa na msemo wako mmoja: "Kilichoanguka topeni ni cha bahari." Mdoli wangu ulipoanguka nikiwa mdogo, ulinivuta mkono tukaendelea. Tade alipoangusha pete ya ndoa yetu, mwaka uleule wa ndoa, hukumruhusu hata kugeuza shingo. Lakini hii ilikuwa saa aliyokununulia mama mwaka ulipoipata beji, na wewe ukarudi. Uliniachia wageni, ukasema ni dakika chache tu, ukainama ukaanza kuzifuata nyayo zako mwenyewe, na nyayo zilikuwa zimeshaanza kujaa maji.

Mimi ningeweza kukuita. Nilikuwa na neno moja ambalo lingekurudisha mbio, au lingekusimamisha ukanitazama, lakini usingeendelea kuinama vile. Sikulisema. Niliwagawia wageni chai.

Aliyetuokoa ni yule bwana wa Hamburg mwenye miwani. Alitazama saa yake, akaniuliza kwa adabu kama ni kawaida kukaa muda wote huu, akanitajia saa. Saa ya kuuvuka tena mkondo ilikuwa imeshatupita. Nilipiga kelele ambazo nadhani zilisikika bara. Ulirudi, na sifa yako ni hii, Baba, na niliisema kila mahali: uliporudi ulikuwa Momme yuleyule. Ulitoa kamba, ukatufunga wote mstari mmoja, ukamweka yule mama wa Kassel mgongoni kwako kwa sababu alikuwa mfupi, na tuliuvuka mkondo ule maji yakiwa ya vifuani, yakisukuma. Tulipoteza mkoba mmoja na kamera. Mtu hatukupoteza. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikiamka, kabla sijamwambia lolote jingine.

Yaliyofuata yalikuwa ya nchi kavu, na ya nchi kavu yana ulimi. Bwana wa Hamburg aliwaandikia wapitishaji. Hakutukana, na ndiyo maana barua yake iliuma. Dukani watu wakaanza kusema Momme amezeeka. Momme siku hizi hata saa yake haijui iliko. Wengine wakaongeza kwamba tangu mke afe hayuko sawa, na waliyasema hayo kwa huruma, wakinipimia viazi. Wewe nyumbani ulisema jambo moja tu: kwamba uliifunga saa kwa kamba ya nyavu, kwa fundo ambalo babako alilifunga na babu yake alilifunga, na fundo hilo halijawahi kufunguka mkononi mwa mtu wa ukoo wetu mpaka likafunguka mkononi mwako. Ulikunja vidole, ukavikunjua. Nahmen alipokuja kunywa chai na kukuuliza kilichotokea, ulimjibu hivyohivyo, naye akanigeukia, na mimi nikamuuliza kama anataka sukari zaidi.

Ikaja jioni ya Biike, ule moto wetu wa Februari wa kuiaga baridi. Moto uliwaka vizuri mwaka huu, majani yalikuwa makavu, na baadaye tukakaa ukumbini na masahani ya sukumawiki na soseji. Watu walikuwa wamechangamka. Wewe ukasimama na fimbo. Nilidhani utatoa ule mzaha wako wa kila mwaka juu ya mchungaji na kijito. Ukasema, "Mkono usioweza kushika fundo lake hauwezi kushika watu." Basi. Ukazunguka meza, ukanipa fimbo. Watu wakagonga meza kwa ngumi, kwa heshima, Nahmen akajifuta macho kwa kitambaa cha mezani, na mimi nikasimama nikaipokea. Ulikuwa umeishika muda mrefu, mti wake ulikuwa bado na joto la kiganja chako. Kabla ya wiki kwisha ukahamia Husum.

Sasa nimefika, na sina tena habari ya kondoo ya kuweka katikati.

Baba, fundo lililokuwa kwenye saa yako siku ile halikuwa fundo lako. Lilikuwa langu.

Mkanda ulipasuka Juni tukikata kondoo manyoya, unakumbuka, karibu na matundu ya bizimu. Fundi saa wa Husum alisema ngozi ya upana ule hana, ataagiza, tungoje. Wewe ukauzungushia kamba ya nyavu, ukalifunga fundo lako, ukaendelea na kazi. Mimi sikuona ubaya wowote mpaka Agosti. Kulikuwa na msafara wa vijana, na mmoja wao, msichana mzuri mwenye koti jekundu, akamwambia mwenzake nyuma yangu, "Saa kaifunga kwa kamba. Sisi je, atatufunga kwa nini?" Wakacheka. Nami, mtoto wako niliyezaliwa kwenye tope hili, niliona aibu. Sikumwonea hasira yeye, nilikuonea aibu wewe. Nimeandika sentensi hiyo, na itabaki hapo.

Jioni ya kabla ya ule msafara wa Septemba ulijilaza, saa ukaiacha dirishani pale unapoiacha ukinawa. Nilikuwa nimenunua gundi, kile kichupa kidogo ambacho wanasema kitashika hata chuma. Tade aliniona. Aliniambia niache kitu cha mtu kilivyo, kwamba kamba ya Momme ingemzika Momme mwenyewe na bado ingefaa kufungia mashua. Nikamwambia yeye apike viazi. Nikakaa kulifungua fundo lako, na nikwambie ukweli, liliniumiza kucha, lilikuwa halijalegea hata kidogo. Nikapaka gundi kwenye ufa, ikanywewa na ngozi, nikaongeza, nikaikandamiza kwa pasi baridi. Ilishika kweli. Nilifurahi. Nilitaka uende mbele ya wageni na saa ya mtu mwenye heshima zake.

Kisha nikaogopa. Nilijua utaniuliza nani kakutuma. Kwa hiyo nikazungusha tena kamba yako, kidogo tu, upande wa ndani wa mkono ambako wageni wasingeiona na wewe ungeigusa ukadhani ni kazi yako. Nikalifunga fundo ulilonifundisha. Unajua ninavyolifunga. Tangu utoto umenicheka kwamba ncha yangu hutokea upande wa shetani.

Asubuhi yake uliivaa pale mlangoni bila kutazama, kwa kupapasa, kama kawaida yako. Ukasita. Ukaniuliza, "Mbona mkanda umekuwa mgumu hivi?"

Ulinifungulia mlango, Baba, wazi kabisa, na wageni hawakuwa wamefika bado. Nikakujibu kwamba ni chumvi.

Nasema hapa ndipo nilipokukosea. Gundi ni ujinga, na mjinga husamehewa. Ila kule kukujibu ni chumvi hakukuwa ujinga.

Usiku tuliporudi niliyakamua maji kwenye sweta lako, na kitu kikanichoma kidole. Kilikuwa kimenasa kwenye sufu ya pindo, ndani ya mkono. Kipande cha mkanda, kifupi, kigumu kama biskuti, kamba yangu bado imekizunguka, fundo langu bado limekaza. Ngozi ilikuwa imekatika huku na huku, pale gundi ilipoishia. Hata fundo lile nililolifunga mimi vibaya halikufunguka. Na lako ungelivaa mpaka leo. Nilisimama na kipande kile mkononi, nikakusikia chumba cha pili ukimwambia Tade kwamba fundo lako limekusaliti. Ilikuwa hatua chache tu kuja mlangoni. Nikakitia kwenye kopo la vifungo.

Utauliza kwa nini nilinyamaza baridi nzima. Mwanzoni niliogopa tu. Nilijiambia yatapita, watu watasahau, utapata saa nyingine. Lakini ulipozunguka meza ile jioni ya Biike ukiwa na fimbo, sikuwa na woga. Kila mwaka nimekuomba unipe msafara wangu mwenyewe, na kila mwaka umeniambia bado, Gönke, bado. Na pale mbele ya watu wote ukaniletea mwenyewe, na moyo wangu, Baba, ulifurahi. Nilikuwa najua kilichokuvunja, nilikuwa nacho kwenye kopo la vifungo, na nilifurahi. Nimelala na furaha hiyo tangu Februari, inanuka.

Sisemi kwamba hukukosea. Kurudi nyuma ulirudi wewe, na hilo nalo watu wana haki ya kukuuliza, nawe utawajibu, maana si mtu wa kukimbia swali. Mwambie Nahmen kwamba ulirudi kwa ajili ya saa ya mkeo. Kila mtu kisiwani ataelewa, na kila mtu atasema hata hivyo usingerudi, na watakuwa sawa. Lakini hayo ni makosa ya mtu mwenye akili zake na moyo wake. Si uzee. Si kidole kilichokufa. Usimwache shangazi akakupeleka kwa daktari kwa ugonjwa niliokupaka mimi kwa kichupa.

Fimbo nimeirudisha nyuma ya mlango, kwenye msumari wake. Sijaitia topeni hata siku moja. Jumamosi hiyo nitasimama mbele ya wapitishaji niyaseme haya yote kwa mdomo, na kule kwa mdomo nitaweza, kwa kuwa nitakuwa nimekwisha kuyasema kwako. Kama watasema nisipitishe watu tena, ni haki yao, na sitabisha. Nakuomba tu beji uiache mfukoni mpaka nimalize. Njoo na meli ya asubuhi. Tade atakungoja gatini na gari, na kitanda chako nimekitandika, ingawa huenda ukamkuta mwanakondoo juu yake.

Ndani ya bahasha nimeweka kile kipande. Nilifikiri kukitupa baharini, nikakumbuka msemo wako. Kilichoanguka topeni ni cha bahari, lakini hiki hakikuanguka, kiling'ang'ania sweta lako, kwa hiyo ni chako. Kishike kabla hujanikasirikia. Huhitaji miwani. Papasa kamba mpaka ufike kwenye ncha, na vidole vyako vitakuambia imetokea upande gani.

Nisalimie shangazi Keike kwa heshima zote. Barua hii msomee, au mpe asome mwenyewe, nisingependa ubebe aibu yangu peke yako ndani ya nyumba ya watu. Mungu akulinde na ule upepo wa dirishani. Tade anakusalimu tena, anasema alinionya, na amenitaka niandike kwamba alinionya.

Na ile kamba, Baba, mrudishie shangazi afungie nyama zake. Mikono yako ni mizima.

Ni mimi mwanao niliyekuambia ni chumvi,

Gönke